Nondo juu ya paa la Syriza

Ukipita vitongoji vya pembezoni mwa Athens, au ukishuka feri katika kisiwa chochote kisicho cha matajiri, utaziona. Nyumba imekwisha, mapazia yako dirishani, nguo zimeanikwa kibarazani, lakini juu ya paa nondo zimesimama zikichungulia mbingu. Wagiriki wanaziita anamones, yaani zinazosubiri. Zinasubiri ghorofa ya mtoto atakayeoa, au siku ambayo pesa zitapatikana. Mtu wa Tegeta au Kitengela hahitaji kuelezwa zaidi. Na kila fundi analijua swali ambalo mwenye nyumba hapendi kuulizwa: msingi ulichimbwa kwa ghorofa ngapi?

Swali hilo ndilo la kumuuliza Alexis Tsipras, waziri mkuu wa zamani wa Ugiriki, maana yeye alilisomea. Ni mhandisi wa ujenzi. Alihitimu Metsovio, chuo kikuu cha ufundi cha Athens, mwaka 2000, akaongeza masomo ya mipango miji, akafanya kazi katika sekta ya ujenzi kwa muda. Mwaka 2008, akiwa na miaka 33, alikabidhiwa uongozi wa Synaspismos, chama kilichokuwa kiini cha muungano mdogo wa mrengo wa kushoto ulioitwa Syriza. Katika uchaguzi wa Oktoba 2009 muungano huo ulipata asilimia 4.6 ya kura na viti 13 kati ya 300. Januari 2015 mhandisi huyo akaapishwa kuwa waziri mkuu. Leo chama kile kimerudi kuwa kidogo, na anayekiongoza ni mhandisi mwingine.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha usaliti: kijana wa kushoto aliyefika Brussels akawauza wenzake. Sikubaliani. Kosa lilianza mapema zaidi na lilikuwa kosa la ujenzi. Alipandisha ghorofa tano juu ya msingi wa ghorofa moja, na alipopata nafasi ya kurudi chini kuimarisha nguzo, hakurudi.

Kwanza tuulize kwa nini wahandisi ni wengi kiasi hiki. Mwishoni mwa 2024 vyama vitatu vya upinzani katika Bunge la Ugiriki, kuanzia kati hadi kushoto, viliongozwa na wahandisi kwa wakati mmoja. Nikos Androulakis wa PASOK, chama cha kisoshalisti, ni mhandisi wa ujenzi aliyesoma Chuo Kikuu cha Democritus huko Thrace. Sokratis Famellos wa Syriza ni mhandisi wa kemia aliyesoma Thessaloniki. Alexis Haritsis wa Nea Aristera, kichama kilichojimega kutoka Syriza, naye ni mhandisi. Kwingine Ulaya ungetarajia kukuta mawakili watatu.

Sehemu ya jibu iko kwenye geti. Usiku wa kuamkia Novemba 17, 1973, kifaru cha jeshi kilibomoa geti la Politekniki ya Athens, ndiyo hiyo Metsovio, ambako wanafunzi walikuwa wamejifungia wakipinga utawala wa kijeshi. Chuma kile kilichopondwa bado kipo uani kwa chuo, na kila mwaka watu huenda kukiwekea maua kabla ya maandamano ya kuelekea ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo kusoma uhandisi pale kuna kitu zaidi ya hesabu za bimu na zege. Unaingia nyumba yenye mizimu yake.

Sehemu nyingine ni ya mfukoni. Athens ya baada ya vita ilijengwa kwa utaratibu uitwao antiparochi: mwenye kiwanja anatoa ardhi, mjenzi anainua jengo la ghorofa, kisha wanagawana nyumba. Benki haihusiki sana, wala serikali. Mji mzima uliota hivyo, na mhandisi akawa mtu anayejulikana na kila familia, kama vile sisi tunavyomjua daktari au mwalimu mkuu. Wahandisi wana chemba yao, TEE, iliyoundwa mwaka 1923. Bila kujiunga nayo huwezi kufanya kazi hiyo kisheria, na katika chaguzi zake za ndani makundi ya wagombea huegemea vyama vya siasa. Mhandisi wa Kigiriki anajifunza kampeni kabla hajasimamia mradi wake wa kwanza.

Halafu, kuanzia 2008, ujenzi ukaanguka. Ofisi zikafungwa, vijana wenye shahada wakafungasha kwenda Ujerumani na nchi za Ghuba. Tsipras ni wa kizazi hicho, kizazi kilichosomea kujenga katika nchi iliyoacha kujenga.

Yeye mwenyewe siasa ilikuwa imemchukua zamani. Alizaliwa Julai 1974, siku chache baada ya wanajeshi kuondoka madarakani. Katika vuguvugu la wanafunzi wa sekondari la 1990 na 1991, waliokalia shule zao kupinga mageuzi ya elimu, alikuwa miongoni mwa viongozi, na alionekana kwenye televisheni akieleza madai yao kwa utulivu usio wa umri wake. Mwaka 2006 aligombea umeya wa Athens akapata zaidi ya asilimia 10, akawa wa tatu. Kwa chama kilichozoea kuhesabu kura kwa vidole, hiyo ilikuwa sherehe.

Kuongoza chama kidogo ni kazi yenye raha zake, na watu wa vyama vikubwa hawaijui raha hiyo. Ugiriki ina kizingiti cha asilimia 3 kuingia bungeni. Ukikivuka umefaulu, ukikosa umekufa. Katikati ya mistari hiyo miwili unaweza kusema karibu chochote, kwa kuwa hakuna atakayekudai. Syriza iliwakusanya wakomunisti waliojitenga na chama mama, wafuasi wa Trotsky, wafuasi wa Mao na wanamazingira, watu ambao wangeweza kubishana hadi usiku wa manane juu ya aya moja ya tamko. Siyo dharau. Mabishano hayo yana faida yake: mwanachama wa chama cha asilimia 4 anajua kwa nini yuko pale. Nyumba ni ndogo, ila kila tofali limepangwa kwa mkono.

Kisha deni likaja. Mei 2010 Ugiriki ilitia saini mkopo wa kwanza wa uokozi, euro bilioni 110, kutoka nchi za eneo la euro na IMF. Masharti yake msomaji wa umri fulani hapa kwetu anaweza kuyataja akiwa amefumba macho: punguza mishahara, kata pensheni, uza mali za umma. Nyerere aligombana na IMF hiyohiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, akauliza ni lini ilifanywa kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Tanzania ilitia saini mwaka 1986, yeye akiwa ameshaondoka Ikulu. Tsipras hakupata bahati ya kumwachia mwingine kalamu.

Uchumi wa Ugiriki ulisinyaa kwa takriban robo. Ukosefu wa ajira ulipita asilimia 27 mwaka 2013. Chama kilicholipia ni PASOK, kilichokuwa madarakani mkopo ule ulipotiwa saini. Mwaka 2009 kilikuwa na asilimia 43.9 ya kura, Mei 2012 kikabaki na 13.2, Januari 2015 kikashuka hadi 4.7. Kura zile hazikuyeyuka. Nyingi zilihamia jirani, na jirani alikuwa Syriza: asilimia 16.8 Mei 2012, 26.9 mwezi uliofuata, 36.3 Januari 2015.

Tazama namba hizo kwa jicho la mjenzi. Mwaka 2009 Syriza ilipigiwa kura laki tatu na ushee. Mwaka 2015 zilikuwa zaidi ya milioni mbili na laki mbili. Wanachama hawakuongezeka hata kwa uwiano wa karibu na huo. Chama hakikuwa na mizizi ya maana katika vyama vya wafanyakazi, wala hakikushika halmashauri nyingi. Mkoa wa Attica kiliupata mwaka 2014, nao ukaponyoka 2019. Wapiga kura wapya walikuwa watu wa PASOK waliokasirika, na hasira ni mpangaji asiyelipa kodi mwaka wa pili. Nchi ilikuwa ikiishi kwa fedha za kukopa, na chama kilichoahidi kuikomboa kilikuwa kikiishi kwa kura za kukopa. Wahenga wana neno lao: kukopa harusi, kulipa matanga.

Ahadi zenyewe zilikuwa za chama cha asilimia 4. Kwamba mikataba ya wakopeshaji ingefutwa kwa sheria moja tu yenye kifungu kimoja. Kwamba Ugiriki ingebaki ndani ya euro na masharti yangeondoka. Mhandisi aliyesaini michoro miwili inayopingana kwenye kiwanja kimoja angeitwa na chemba yake kujieleza.

Yaliyofuata yanajulikana, niyapitie haraka. Miezi mitano ya majadiliano yasiyozaa. Usiku wa kuamkia Juni 27, 2015 akatangaza kura ya maoni juu ya masharti ya wakopeshaji. Benki zikafungwa, na wazee wakapanga foleni kwenye mashine za fedha kutoa euro 60, kiwango cha siku. Julai 5 asilimia 61.3 wakasema hapana. Wiki moja baadaye, baada ya kikao cha usiku kucha huko Brussels kilichochukua takriban saa 17, Tsipras akakubali mkopo wa tatu, hadi euro bilioni 86, wenye masharti ambayo wengi waliona ni makali kuliko yale waliyoyakataa.

Mashabiki wake wa zamani kote Ulaya walimzika siku hiyo. Ila wapiga kura wenyewe walifanya nini? Wabunge 25 waliomwasi waliunda chama chao wakiapa kusimama na ile hapana. Septemba mwaka huohuo chama hicho kilipata asilimia 2.86, kikakosa kizingiti kwa chembe. Tsipras akarudi na 35.5. Wagiriki waliona tofauti kati ya mtu aliyeshindwa akipigana na mtu asiyejaribu. Anayeshikilia nadharia ya usaliti anieleze Septemba ile.

Hapo ndipo mhandisi alipojitokeza, na watu wachache walimtazama. Serikali yake ilitekeleza mpango wa wakopeshaji kwa nidhamu ambayo watangulizi wake hawakuwa nayo. Ilivuka malengo ya ziada ya bajeti tena na tena, kwa kodi zilizowakamua watu wa kipato cha kati hadi wakapiga kelele. Asilimia 51 ya mamlaka ya bandari ya Piraeus zikaenda kwa COSCO ya China mwaka 2016. Viwanja vya ndege 14 vya mikoani vikaenda kwa Fraport ya Ujerumani. Haya yote Syriza ndogo ilikuwa imeyapinga. (Waliofuatilia mjadala wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023 wanajua bandari inavyoamsha hisia ambazo hakuna jedwali la mapato linalozituliza.) Mpango ulipokwisha Agosti 2018, hazina ilikuwa na akiba ya takriban euro bilioni 24. Katika uhandisi unajenga daraja libebe uzito unaozidi ule unaotarajiwa, kwa sababu siku moja lori lililojazwa kupita kiasi litapita. Akiba ile ilikuwa hesabu ya namna hiyo. Aliyefaidika ni mrithi wake, Kyriakos Mitsotakis, aliyekuja kukutana na korona akiwa na fedha kabatini.

Kuna picha moja ya Juni 2018 ambayo sijaisahau. Tsipras alikuwa amesema kuwa hatavaa tai mpaka suala la deni lipatiwe ufumbuzi. Waziri mkuu wa Italia, Matteo Renzi, hata alimzawadia moja mwaka 2015, na ikabaki kwenye boksi la utani. Mawaziri wa fedha wa eneo la euro walipokubaliana kurefusha muda wa malipo, alipanda jukwaani Zappeion, katikati ya Athens, na tai nyekundu shingoni. Wabunge wake wakashangilia kama harusini. Alipomaliza hotuba akaifungua, akaivua. Vita moja tumeshinda, ya pili bado, ndivyo alivyotaka ieleweke. Mimi niliona mtu ambaye shati halimkai vizuri. Watu wa chama kidogo wangemheshimu zaidi asingeivaa kabisa, na wale wa kura za kukopa walitaka aizoee.

Siku chache kabla, kando ya ziwa Prespa, yeye na waziri mkuu wa nchi jirani, Zoran Zaev, walikuwa wameshuhudia mawaziri wao wa mambo ya nje wakitia saini makubaliano yaliyoipa nchi hiyo jina la Makedonia Kaskazini, yakafunga mgogoro uliodumu zaidi ya robo karne. Bunge liliidhinisha Januari 2019 kwa kura 153. Mshirika wake wa serikali alimkimbia, na kaskazini mwa nchi aliitwa haini mitaani. Alijua gharama akailipa. Kama kuna kazi moja ya mikono yake itakayosimama miaka 50, nadhani ni hii, na ni kazi aliyoifanya kwa hasara ya chama.

Tatizo ni kwamba alipotoka serikalini Julai 2019, akiwa bado na asilimia 31.5, alikuwa na miaka minne ya kutulia. Ule ndio wakati wa kurudi chini: kuimarisha matawi, kulea viongozi wa halmashauri, kuamua kama Syriza ni chama cha kushoto au ni PASOK mpya. Alichofanya ni kubomoa ukuta uliobeba. Mwaka 2022 chama kiliamua kwamba kiongozi atachaguliwa moja kwa moja na wanachama, na uanachama ungeweza kuupata siku hiyohiyo kwa kulipa euro 2. Tsipras, mgombea pekee, akashinda kwa karibu kura zote. Ilionekana kuwa demokrasia safi. Kamati na mikutano mikuu, ile mijadala ya usiku wa manane niliyoitaja, vilibaki mapambo.

Sheria ya uchaguzi nayo ikamgeukia. Mwaka 2016 serikali yake ilipitisha uwiano halisi wa kura na viti, bila zawadi ya viti 50 kwa chama cha kwanza, ikitarajia kwamba vyama vya kati na kushoto vitaungana. Sheria hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza Mei 2023. Vyama havikuungana. Syriza ilipata asilimia 20.07, Mitsotakis 40.79, naye akaitisha uchaguzi mwingine uliofuata sheria yake mwenyewe iliyorudisha zawadi. Mwezi uliofuata Syriza ilishuka hadi 17.8, na Tsipras akajiuzulu uongozi Juni 29.

Ule mlango wa euro 2 ukabaki wazi. Septemba 2023 aliingia Stefanos Kasselakis, aliyeishi miaka mingi Marekani na kuwahi kufanya kazi Goldman Sachs, mtu ambaye majira ya baridi yaliyotangulia wanachama wengi hawakulijua jina lake. Alijitangaza kwa video mitandaoni, akashinda. Waliokuwa na kumbukumbu ya chama wakaanza kuondoka. Desemba mwaka huo wabunge 11 waliunda kundi la Nea Aristera chini ya Haritsis, aliyewahi kuwa waziri wa Tsipras. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, Juni 2024, kichama hicho kilipata asilimia 2.45. Septemba 2024 Kasselakis aliondolewa na kamati kuu, akaenda kuanzisha chama chake. Novemba, kutokana na wabunge kuhama, Syriza ilipoteza hadhi ya chama kikuu cha upinzani, na kiti hicho kikaenda kwa PASOK, walewale waliodhaniwa wamezikwa mwaka 2015. Kura za mkopo zinaijua njia ya kurudi nyumbani.

Mwezi huohuo Famellos akachukua funguo za makao makuu, katika uwanja wa Koumoundourou. Mpinzani wake, Pavlos Polakis, daktari kutoka Krete mwenye ulimi wa moto, alikubali matokeo kabla ya duru ya pili. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache mno ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Famellos ni mtu wa faili: maji, taka, ramani za misitu, mambo aliyoyashika akiwa naibu katika wizara ya mazingira. Hana sauti ya jukwaani. Sijui kama hilo ni kasoro kwa chama ambacho kimeshasikia sauti nyingi.

Kazi yake sasa ni ngumu kuliko ile ya Tsipras wa 2008, ingawa namba zinakaribiana. Kupandisha nyumba ndogo kuna ramani. Kushusha jengo lililopasuka huku watu wanaishi ndani, ukiamua nguzo ipi ibaki na ipi ikatwe, kunataka fundi wa aina nyingine, na wapangaji hawakushukuru. Kila anapotaka kupunguza, kuna aliyebaki kwa ajili ya ukubwa wa zamani, akisubiri mwenye nyumba arudi.

Na mwenye nyumba hajafunga mlango. Oktoba 2025 Tsipras alijiuzulu ubunge, akiwa na miaka 51, kwa maneno ambayo karibu kila mchambuzi Athens aliyasoma kama maandalizi ya kuanza upya kwenye kiwanja kingine. Baadhi ya waliobaki Koumoundourou walianza siku hiyohiyo kuulizana nani atahama naye. Nondo bado ziko juu ya paa, na kutu imeanza.